Kasuku Mgeni Anayeng'ata: Jinsi ya Kumtuliza Hatua kwa Hatua

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi akitunzwa vizuri, ndiyo maana wengi wao hupitia mikono ya watu kadhaa. Mzee anafariki, familia inahamia nchi nyingine, mtoto anazaliwa na nyumba inakuwa ndogo. Ndege anahamishwa pamoja na tundu lake. Aliyempokea hufurahi siku ya kwanza. Kesho yake anaingiza mkono abadilishe maji, na mkono unatoka na damu. Wiki chache baadaye kasuku ameshapewa jina la "mkali", na watu wanaulizana nani atamchukua.

Mwongozo huu unataka kuzuia uhamisho huo wa pili. Nimemlenga kasuku wa kijivu kwa sababu ndiye ninayemjua zaidi, lakini mengi humu yanawafaa kasuku wengine pia. Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo: kasuku haumi bila kutoa taarifa. Hutoa taarifa kwa macho, kwa manyoya, kwa namna alivyosimama. Aking'ata, ujue ameshasema kwa njia nyingine zote na hakuna aliyemsikiliza. Kwa hiyo hatutamfundisha adabu. Tutajifunza kumsikia mapema, hadi asione haja ya kutumia mdomo.

Kabla ya kumpokea: uliza ametoka wapi

Tangu mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, kasuku wa kijivu wamewekwa kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kwa kiwango cha juu kabisa, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Nchini Kenya, anayemfuga anapaswa kuwa na kibali cha shirika la wanyamapori, KWS. Kwingine ulizia mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako. Ukiletewa kasuku asiye na karatasi yoyote, kwa bei ya kukimbilia, usimnunue. Kila anayenunuliwa hivyo anatoa nafasi ya mwingine kunaswa.

Swali hili si la sheria peke yake, maana jibu lake linaeleza hofu utakayoikuta kwake. Katika misitu ya Kongo wategaji hupaka ulimbo au gundi kwenye matawi na kumweka kasuku mmoja pale awaite wenzake. Wanaonasa hubanduliwa kwa mikono, manyoya yakabaki kwenye gundi, kisha wakasongamanishwa kwenye masanduku. Ndege aliyepita huko anaujua mkono wa binadamu kwa jambo hilo tu. Aliyelelewa na watu tangu kinda anayo hofu ya kuhama, lakini mkono wenyewe si adui kwake. Hawa wawili wataanza safari moja mahali tofauti, na wa kwanza anaweza kuhitaji miezi pale ambapo wa pili atahitaji wiki.

Muulize mwenye ndege maswali ya kawaida na uandike majibu: anakula nini, analala saa ngapi, anamwogopa nani, alimng'ata nani na ilikuwaje, anatumia neno gani kumwita apande mkononi. Angalia pia macho yake. Kinda ana macho meusi. Yakielekea kijivu bado ni mdogo. Ya manjano hafifu ni ya ndege aliyekwisha pevuka. Omba uondoke na tundu lake la zamani, hata kama una jipya zuri zaidi. Jipya litasubiri.

Hatua ya kwanza: ondoa uwezekano wa maumivu

Kasuku mgonjwa huficha ugonjwa wake hadi hali inapokuwa mbaya, na mwenye maumivu akiguswa hung'ata. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, ikiwezekana yule anayewajua ndege, kabla hujaanza mafunzo yoyote. Nyumbani uwe na mizani ndogo ya jikoni ya kupima gramu, umpime mara kwa mara saa ileile. Wengi huwa kati ya gramu 400 na 500, lakini cha maana ni uzito wake yeye usishuke. Tazama kinyesi kila asubuhi: sehemu ya kijani, sehemu nyeupe, na majimaji. Kikibadilika kwa zaidi ya siku moja, au ndege akikaa amefumua manyoya, au akishuka kukaa chini kabisa ya tundu, acha mengine yote uende kwa daktari.

Chakula nacho kina mkono wake. Kasuku wengi wa majumbani hulishwa alizeti na karanga tu, mafuta yakiwa mengi na kalsiamu ikiwa haba, na kasuku wa kijivu ndiye anayeumia haraka zaidi kwa upungufu huo. Anaweza hata kupata degedege. Polepole mzoeze mchicha, sukuma wiki, karoti, boga, pilipili, wali wa maharage yaliyoiva, papai na embe kidogo. Mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukioshwa na kukaushwa vizuri juani, humpa madini na kitu cha kuguguna. Karanga ziwe chache na safi, kwa sababu ya sumukuvu. Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vyenye chumvi nyingi asivionje kabisa.

Hatua ya pili: mpe kona na umwache

Weka tundu sebuleni, mahali ambapo watu hukaa, lakini upande mmoja uegemee ukuta ili asihisi kuzungukwa. Lisiwe kwenye njia ya kupita mlangoni. Lisiwe jikoni: mvuke wa vikaango visivyoshika chakula vikipata moto kupita kiasi huua ndege kwa dakika chache. Moshi wa udi na ubani, dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza pia viwe mbali naye. Mapafu ya ndege hayastahimili tunayoyastahimili sisi. Usiku apate giza na utulivu wa saa 10 hadi 12. Nyumba inayowasha televisheni hadi saa sita za usiku itakuwa na kasuku mwenye hasira, na hakuna mafunzo yatakayofidia usingizi huo.

Katika siku hizi za mwanzo usimguse. Kaa karibu ukisoma gazeti kwa sauti, ukimenya viazi, ukizungumza na simu. Usimkazie macho, anayeliwa na wengine porini huogopa macho mawili yanayomtazama moja kwa moja. Kila unapopita, dondosha kitu kitamu kwenye bakuli lake bila kusimama, uendelee na safari yako. Wageni waambiwe mapema, "Shikamoo yake ni kwa mbali," na watoto wasiingize vidole kwenye nondo. Ukiona amekula mbele yako, amejichana manyoya mbele yako, na anakusogelea upitapo, yuko tayari kwa hatua nyingine. Mwenye kuruka hatua hii huilipia baadaye.

Hatua ya tatu: jifunze kumsoma

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu anayeweza kumsoma kasuku huumwa mara chache sana hata na ndege asiyemjua.

Kasuku aliyetulia manyoya yake yamelegea. Husimama kwa mguu mmoja, hujikung'uta mara moja, hutikisa mkia, na jioni utamsikia akisaga mdomo taratibu kabla ya kusinzia. Kasuku mwenye hofu hubana manyoya yote mwilini, akaonekana mwembamba na mrefu. Huegemea nyuma, shingo imenyooka, macho yametoka. Anaweza kunguruma, na mngurumo wa kasuku wa kijivu ukiusikia mara moja hutausahau. Mwenye hasira au msisimko hufanya kinyume: manyoya ya kisogo yanasimama, mabawa yanaachana na mwili, mkia unafunguka, kichwa kinashuka mbele, na mboni za macho zinasinyaa na kupanuka haraka haraka.

Mboni peke yake zisikudanganye. Huchezacheza hivyohivyo anapopiga mluzi kwa furaha au anapojaribu neno jipya. Tazama mwili mzima pamoja na kilichomzunguka. Vivyo hivyo kichwa kilichoinamishwa: shingo ikiwa imefumuka kwa ulaini anaomba akunwe, ikiwa ngumu na macho yamekaza anakuonya. Kwa ndege ambaye mmekutana juzi, lichukulie kuwa onyo.

Halafu kuna ishara ndogo zinazotangulia hizo, na hizi ndizo watu huzipita. Anaacha kula ghafla. Anasogea nusu hatua pembeni. Anageuza kichwa upande. Anainua mguu na kuushikilia hewani. Mkono wako ukiwa unakaribia na ukaona mojawapo, simama, kisha urudishe mkono.

Kuna wanaopinga ushauri huu. Husema ukirudisha mkono, kasuku atajua amekushinda, na kesho atazidi. Nimewaona wakishindana na ndege wa nusu kilo hadi vidole vikachanika, na sijaona hata mmoja aliyepata kasuku mpole kwa njia hiyo. Kinachotokea ni hiki: kuegemea nyuma kusipomsaidia, ataacha kuegemea. Kunguruma kusipomsaidia, ataacha kunguruma. Atabakiwa na mdomo, na atautumia bila onyo lolote. Kasuku anayesemwa kuwa "anauma ghafla tu" kwa kawaida ni yule ambaye maonyo yake yalipuuzwa hadi akayaacha. Ukiheshimu onyo dogo, onyo dogo linatosha.

Jambo jingine linaloleta matatizo bure: kasuku hutumia mdomo kama kiungo cha tatu. Akitaka kupanda kitu asichokiamini, hukigusa kwanza kwa mdomo na ulimi kupima kama ni imara. Mgeni huona mdomo mweusi ukija kwenye kidole, anashtuka, anavuta mkono. Ndege anajifunza kwamba mkono huu ni tawi linaloyumba, na safari ijayo ataushika kwa nguvu. Ukiona mdomo unakuja taratibu, umefunguka kidogo, na mwili umelegea, tuliza mkono wako uwe kama boriti.

Hatua ya nne: fungua daftari

Nunua daftari la kawaida la shule. Kila anapokung'ata au kujaribu, andika mambo matatu: nini kilikuwa kinaendelea kabla, alifanya nini, na nini kilifuata mara moja. Usiandike "alikuwa mkorofi" wala "ana wivu". Andika ulichokiona.

Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku wa kijivu, Alex, kwenye duka la wanyama mwaka 1977, na kwa miaka 30 akaonyesha kwamba ndege huyo aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi hadi sita. Akili ya namna hiyo inahitaji nafasi chache tu kujua kwamba kidole kikiumwa hutoweka. Kwa hiyo safu ya tatu ya daftari lako ndiyo yenye siri. Soma baada ya siku kadhaa na utaona mifumo ikijitokeza.

Tuseme anang'ata kila unapobadilisha bakuli la maji. Hiyo ni nyumba yake anailinda. Mtoe kwanza, akae juu ya kijiti cha nje akila, ndipo usafishe ndani. Au tundu liwe na vijilango vidogo vya kuingizia bakuli kutoka nje.

Tuseme ni mpole siku nzima lakini anakung'ata unapomrudisha tunduni. Amejua kuwa kurudi ndani ndiyo mwisho wa raha. Basi mrudishe mara kadhaa kwa siku, akute ndani kipande cha embe, kisha umtoe tena. Pia mlo mkuu wa jioni apewe ndani. Akishindwa kujua ni kurudi kupi kunakofunga siku, atakuwa hana sababu ya kubishana nako.

Tuseme anang'ata saa moja jioni kila siku. Huenda amechoka. Mlaze mapema.

Hatua ya tano: kijiti na neno moja

Chagua tuzo. Mpe vyakula mbalimbali kwenye bakuli uone anachokimbilia kwanza. Mara nyingi ni alizeti. Kuanzia hapo alizeti iondoke kwenye bakuli, ipatikane kwa mafunzo tu. Mtu akikwambia huko ni kumtesa, mwambie anaipata kila siku, ila sasa ina kazi.

Chagua pia neno fupi litakaloashiria "hapo umefanya sawa". Mimi hutumia "safi!" Kwanza lifunge neno hilo na tuzo: sema "safi," mpe mbegu kupitia nondo. Rudia hadi akisikia neno aanze kuitafuta mbegu. Kama bado anaogopa vidole, weka mbegu kwenye kijiko kirefu.

Kisha chukua kijiti cha mshikaki, ukate ncha kali. Kilete karibu na nondo, mbali kiasi ambacho hakimtishi. Akikitazama, "safi," na mbegu. Akikisogelea, "safi." Akikigusa kwa mdomo, "safi," na mbegu mbili. Dakika tatu hadi tano zinatosha, asubuhi na jioni kabla ya mlo, na umalizie angali anataka zaidi. Baada ya muda atakifuata kijiti kutoka upande mmoja wa tundu hadi mwingine, kisha mlangoni, kisha nje. Sasa unaye ndege unayeweza kumhamisha popote bila kumgusa. Kwa kasuku anayeogopa mikono huu ni ukombozi, na kwako pia: hakuna tena sababu ya kupigana naye.

Hatua ya sita: kupanda mkononi

Shika kijiti upande mmoja, na upande wa pili nyoosha mkono uliotulia, vidole pamoja, chini kidogo ya kifua chake na mbele ya miguu. Kijiti kiwe mbali kiasi kwamba ili akifikie itambidi aweke mguu mmoja juu ya mkono. Akiweka mguu mmoja, "safi," mbegu, ondoa mkono. Usinyanyue. Siku nyingine atapandisha miguu yote miwili. Mpe mbegu akiwa amesimama, umwache ashuke akitaka. Ukishaona anapanda bila kusita, anza kusema "panda" kabla ya kuuleta mkono.

Wafugaji wa zamani hufundisha kumsukuma tumbo hadi alazimike kupanda. Ndege hupanda kweli, lakini kwa kukosa njia, na siku atakayokuwa na ujasiri wa kukataa atakataa kwa mdomo. Glovu nene nazo ziache. Zinalinda ngozi, lakini zinafanya mkono kuwa mkubwa, wa ajabu, na zinakufanya wewe uache kuona maonyo. Bega lisubiri miezi. Huko juu huoni mwili wake, na yeye yuko karibu na jicho na sikio lako.

Akikung'ata hata hivyo

Itatokea. Usipige kelele: kelele kwa kasuku ni mchezo mzuri, na kesho atautaka tena. Usivute kidole kwa nguvu, ngozi ndiyo inayochanika hapo. Msogeze taratibu kwenye kijiti chake au mezani, geuka kando kwa sekunde chache, kisha mpe jambo rahisi analoliweza, kama kugusa kijiti cha mshikaki, na umtuze kwa hilo. Usimpige kofi la mdomo, usimtikise, usimwangushe, usimpulizie uso, usimnyunyizie maji. Kila moja ya hizo humwonyesha kuwa alikuwa na haki ya kukuogopa. Na tundu lisitumike kama jela; ndiyo nyumba yake.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. La kina liende hospitali, uulizie chanjo ya pepopunda. Mwenye kasuku akipata homa na kikohozi kisichoeleweka amwambie daktari kwamba anafuga kasuku, kwa maana kuna maradhi ya mapafu ambayo ndege hawa huwaambukiza watu.

Nyumba nzima

Kasuku wa kijivu hupenda kuchagua mtu mmoja na kuwafukuza wengine. Dawa yake ni kugawana kazi kinyume na mazoea: yule anayependwa ampe chakula cha kawaida tu, na wale wanaochukiwa ndio wawe na alizeti. Kila mmoja aanze naye kuanzia kwenye nondo, kwa neno lilelile na kijiti kilekile. Bibi akisema "safi," baba "vizuri" na watoto "hongera," ndege atachanganyikiwa. Watoto wadogo watoe mbegu kwa kijiko, mtu mzima akiwa hapo.

Akunwe kichwani na shingoni peke yake. Kumpapasa mgongo na chini ya mabawa humwamshia hamu ya kuzaa, na kasuku aliyepevuka katika hali hiyo hulinda kila kona ya giza anayoidhania kiota: kabati lililo wazi, boksi, chini ya kochi. Funga kona hizo, ongeza saa za giza usiku, punguza vyakula vyenye mafuta, na katika kipindi hicho tumia kijiti badala ya mkono. Hali hiyo hupita.

Akirudia kung'ata baada ya muda mrefu wa amani, angalia kwanza afya, kisha usingizi, kisha kilichobadilika nyumbani, kama fanicha, mgeni au kelele ya ujenzi kwa jirani. Rudi hatua mbili nyuma, uanze hapo. Hatapoteza alichojifunza, na safari hii ataenda haraka.

Daftari usilitupe. Anayemtunza ukiwa safarini alisome kabla hajafungua tundu. Na kwa kuwa ndege huyu anaweza kuishi muda mrefu kuliko wewe, andika kwenye jalada jina la atakayemchukua, umwite aanze kumzoea tangu sasa, kwa mbegu kupitia nondo.